Inchi ya Mshono

Chumba cha nyuma, kwa dada
3 Machi

Mke wangu,

Kabla hujauliza: nakula, nalala, na mguu uko palepale, juu ya mito miwili, umefungwa plasta mpaka kwenye paja. Dada ananilisha kana kwamba anataka kunichinja. Simu unajua ilikokwenda. Nilipoteleza kwenye yale magogo ya kupandishia boti, mimi niliangukia mguu na yenyewe ikaangukia majini. Kwa hiyo tutaandikiana kama wachumba. Dereva wa lori la barafu hupita hapa kila wiki, na hapo kwako vilevile. Amekubali kuwa posta yetu.

Sasa tuje kwenye mambo. Ukaguzi wa boti ni tarehe 20 Mei. Mwaka jana mkaguzi aligonga ule ubao wa nyuma unaoshika mashine, akanitazama kama daktari mwenye habari mbaya, akaandika: "Umeoza, ubadilishwe." Boti ikishindwa mara ya pili inafutwa daftarini, na nafasi yetu ufukweni anapewa mwingine. Nilipanga kuubadilisha mwezi huu. Badala yake nimebadilishwa mimi.

Tafuta fundi. Akate ngozi ya faiba kwa ndani, achimbe mbao yote iliyooza, aweke plaiwudi mbili zilizogundishwa pamoja, kisha afunike kwa faiba mpya. Upana wa ubao ni inchi arobaini. Hakuna haja ya kupima tena, boti hiyo naijua kuliko kiganja changu.

Na wewe usiiguse. Nakujua. Mara ya mwisho ulipoisaidia uliisugua kwa sabuni mpaka namba ya usajili ikafutika.

Mumeo,
Kapteni (wa kitanda)


Nyumbani, mezani pa cherehani
9 Machi

Kapteni wa kitanda, pole sana, na shikamoo kwa huo mguu, maana naona umekuwa mkubwa wa nyumba.

Nimesoma amri zako zote. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini naona yako inajaribu.

Fundi nimempata. Ni mtu mtulivu, hanywi, hachelewi, na analala karibu na kazi. Hana maneno mengi kazini. Utampenda.

Jana tulikwenda kumjulia hali mke mwenzangu. (Usikunje uso. Boti unayoiamkia kabla hujaniamkia mimi, niiite nani?) Fundi alimgonga mgongo kwa kishikio cha bisibisi, kama ulivyokuwa ukifanya. Upande wa kulia unalia ngo, ngo. Kushoto kote unalia kama unagonga mkate. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, na maji yakatoka. Nilitamani ungekuwepo, halafu nikashukuru hukuwepo, maana ungelia.

Fundi ana maswali. Atajuaje mahali uozo unapokwisha? Gundi ya faiba inachanganywaje? Na anauliza, kwa kuwa hana jiliwa za kubania mbao, je, kitu chochote kizito kitafaa?

Wateja wote wanakusalimu. Mwalimu mkuu amekuja kupanua suruali kwa mara ya tatu.

Mkeo,
Fundi Cherehani


Chumba cha nyuma
17 Machi

Mke wangu,

Mwambie fundi hivi. Uozo unakwisha pale mbao inapoacha kuwa nyeusi na kuanza kutoa vumbi kavu. Akifika hapo asisimame, aende tena upana wa vidole viwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ndiye niliyeuacha ufa huo miaka mitatu. Usimwambie hilo la miaka mitatu.

Gundi ichanganywe kidogo kidogo, kivulini. Dawa ya kugandisha aipime kama ilivyoandikwa kwenye kopo, asizidishe hata tone kwa sababu ya haraka. Kitu kizito chochote kinafaa, mradi kikandamize sawasawa.

Akifika kwenye kitambaa cha faiba asishangae kikijikunja pembeni na kufanya mapovu. Kwangu huwa hivyo kila mara. Ndiyo tabia yake.

Na lile tundu dogo la chini, la kutolea maji, asilizibe! Lina kizibo chake. Kipo kwenye mfuko wa koti langu la mvua, au kwenye kikombe changu, au pale unapoweka vifungo.

Huyu fundi namfahamu? Ni mrefu?

Mumeo,
Kapteni


Nyumbani
26 Machi

Kapteni,

Kizibo nilikipata kati ya vifungo. Mteja mmoja nusura aondoke nacho kifuani.

Fundi si mrefu. Ni wa kimo changu hivi.

Tulipata ajali ndogo. Fundi alichanganya gundi kopo zima, juani, akasema hapendi kazi ya kurudia rudia. Kopo likapata moto, likaanza kufuka moshi, na kabla hajageuka likawa jiwe. Brashi imesimama humo mpaka leo kama bendera. Sasa nalitumia kuzuia mlango wa duka usifungwe na upepo, na kila anayeingia anauliza ni kitu gani. Mara ya pili alichanganya kikombe kimoja kimoja, kivulini, kama ulivyosema. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Uozo wote umetoka. Tulijaza ndoo saba. Plaiwudi mbili zimegundishwa, zimelala sakafuni chini ya pasi zangu tano za makaa, ile kubwa ikiwa katikati. Zimekandamizwa vizuri, hakuna hata mwanya wa kupitisha wembe.

Ubao umekatwa jana. Inchi arobaini zako, na inchi moja kila upande ya mshono, jumla arobaini na mbili. Fundi anasema nguo ya kuvaliwa siku moja hukatwa sawasawa na mwili, lakini nguo unayotaka mtu akae nayo miaka huachiwa nafasi.

Kula vizuri. Mguu vipi? Hujaniambia daktari alisema nini wiki iliyopita.

Mkeo,
Fundi Cherehani


Chumba cha nyuma
2 Aprili

MKE WANGU!

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu dada alikuja mbio akidhani nimeanguka tena.

Inchi ya mshono? Katika dunia hii yote, ni fundi gani wa boti anayeacha inchi ya mshono kwenye mbao? Ana pasi tano! Ana kimo chako! "Mtulivu, hanywi, analala karibu na kazi." Kumbe analala ubavuni pangu miaka kumi na moja, na hilo la kutokuwa na maneno mengi ni uongo mtupu.

Nimecheka, nikakasirika, halafu nikacheka tena mpaka mbavu zikauma. Dada naye kasoma, kakaa chini kabisa. Sijacheka hivi tangu nije huku.

Lakini sasa sikiliza, nasema kwa uzito. Ubao hautaingia. Boti si gauni, hailegezwi kiunoni. Kata hizo inchi mbili. Upana ni arobaini. Na ukimaliza, tafadhali mwite fundi wa kweli aje atazame. Nakuomba.

Mumeo,
Kapteni

Mguu unaendelea.


4 Aprili

Wifi yangu,

Barua hii sijaiandika, na ukiulizwa hujaipata. Dereva nimemwambia akupe mkononi, asiichanganye na nyingine.

Kaka alitolewa plasta siku moja kabla ya kukuandikia ile barua ya mshono. Mfupa umeunga, atatembea na fimbo. Lakini goti limekwisha, wifi. Daktari amesema halitakunjika tena, mguu utabaki umenyooka hivyo hivyo. Kaka alimshukuru kwa adabu, tukarudi nyumbani, akaomba chai, hakuinywa.

Amenikataza nisikwambie. Anasema kapteni asiyeweza kupiga goti mbele ya mashine si kapteni. Akikaa benchi la nyuma, mguu unagonga benchi la katikati, kwa hiyo hata kukaa hawezi. Ameshazungumza na dereva wa barafu: boti ikipita ukaguzi, ni yake. Na amemwomba mume wangu amweke mlangoni pa ghala awe anahesabu magunia. Anataka kubaki huku. Anasema hatarudi kwako awe mzigo.

Mtu huyu anacheka akisoma barua zako tu. Baada ya hapo anatazama ukuta. Mimi nimechoka kumtazama akitazama ukuta.

Fanya utakalofanya, lakini fanya.

Wifi yako,
ambaye hajaandika chochote


Nyumbani
10 Aprili

Kapteni wangu,

Kaa vizuri, shika kitu.

Ubao umeingia.

Sikuukata. Nilisema nijaribu kwanza, maana aliyezaliwa kwenye vitambaa hakati kabla hajajaribisha mwilini. Tuliubeba mimi na mwalimu mkuu (suruali ilichanika, nimemshonea bure). Tukausukuma, ukashuka taratibu, ukakaa kama mguu kwenye soksi. Nikachukua futi yangu ya kushonea nikapima pale mahali. Inchi arobaini na mbili, kasoro unywele. Nilipima mara tatu, kisha nikamwita mwalimu akapima, kwa kuwa yeye hanipendelei.

Arobaini ulizitoa wapi, mume wangu? Nadhani ulipima ule ubao wa zamani ulipokuwa umekwisha kuliwa kingo. Ningekutii, sasa hivi ningekuwa na meza nzuri ya plaiwudi na boti isiyo na mgongo. Anayeijua boti kuliko kiganja chake, akiangalie tena hicho kiganja.

Na kile kitambaa cha faiba, si tabia yake kujikunja. Ni wewe unakikata vibaya. Unakikata sambamba na uzi wake halafu unakilazimisha kupinda kwenye kona. Mimi nilikikata mshazari, kama nikatavyo kola, kikajilaza chenyewe kwenye pembe bila povu hata moja. Nilikaa nakipapasa kama mjinga. Nilitamani kukupigia kelele uje uone.

Jambo moja. Nimepata kitambaa kizuri cha suruali. Mwambie wifi akupime mguu huo unaoumwa, kuanzia makalio mpaka kisigino, ukiwa umekaa na mguu umenyooka mbele. Umekaa, si umesimama. Usiulize, ni mtindo mpya.

Mkeo,
Fundi wa Kweli


Chumba cha nyuma
19 Aprili

Mke wangu,

Nimeshindwa. Andika ushindi wako ukutani kwa chaki, nami nikiuona nitausalimia. Habari ya kona bila mapovu nimeisoma kwa sauti, mume wa dada akasema haiwezekani. Nikamwambia humjui mke wangu.

Vipimo: inchi arobaini na moja. Sijui ni suruali gani inayopimwa mtu akiwa ameketi, lakini wewe umeshashonea mbao, siwezi kubishana.

Sasa sikiliza. Mkaguzi anataka mwenye boti awepo mwenyewe siku hiyo. Mimi sitaweza, plasta bado inanizuia. Dereva wa barafu atasimama badala yangu, nimeshamwambia. Boti ipake rangi nyeupe tu, usiandike jina. Jina litachaguliwa baadaye.

Halafu huenda nikakaa huku kidogo zaidi ya tulivyofikiri. Mume wa dada anahitaji mtu mwaminifu ghalani. Ni kazi ya kukaa kivulini. Wewe una duka lako na wateja wako, hutapungukiwa.

Umefanya kazi nzuri, mke wangu. Nilitaka ujue kwamba nimeiona, hata kama sijaiona.

Mumeo


Nyumbani
27 Aprili

Mume wangu,

Umesahau kujiita Kapteni mwishoni. Nimeona.

Plasta ilitolewa karibu wiki nne zilizopita. Usimlaumu dada yako, hajaniandikia neno, na hiyo barua ambayo hakuiandika ninayo hapa kwenye droo ya nyuzi.

Nimekasirika. Nakwambia waziwazi ili usije ukadhani natania. Sikukasirikia goti, goti halina kosa. Nimekasirika kwa sababu ulikaa ukaamua peke yako kwamba mimi nitakuona mzigo. Mimi, niliyebeba cherehani ya chuma kichwani tulipohama, na wewe ukiwa mbele umebeba redio! Mimi niliolewa na mtu mzima, sikuolewa na goti. Mficha uchi hazai. Ungeniambia siku ileile, tungelia siku moja, kesho yake tukapima.

Sasa tayari nimepima peke yangu. Nisikilize.

Lile benchi la katikati nimelisogeza mbele. Usipige kelele, nimeliwekea mbavu mbili mpya chini na faiba kila upande, na nimeruka juu yake mimi na mwalimu mkuu, na yeye unamjua uzito wake. Mahali pa benchi la nyuma nimeweka kiti changu kile cha duara kinachozunguka, nikakifunga kwa bolti nne. Ukikaa, mashine iko mkono wa kushoto, mguu unanyooka mbele bila kugonga kitu. Ndiyo suruali niliyokuwa nashona. Mkono wa mashine nimeuongeza kwa bomba la maji, huna haja ya kuinama kuufikia. Ukingoni nimeweka shikio la kuinukia, nimelisugua kwa msasa mpaka likawa laini kama kishikio cha kikombe.

Shida moja imebaki. Kamba ya kuwashia mashine inataka mtu wa kusimama imara na kuvuta. Huyo ni mimi. Nimejifunza. Mara ya kwanza nilijipiga kiwiko puani. Mara ya ishirini ikawaka, nikapiga kigelegele, watu wakatoka kwenye vyombo vyao wakidhani nimepata mtoto.

Ndiyo, najua unachotaka kusema. Nikipanda boti natapika. Juzi nilitapika mara mbili boti ikiwa imefungwa kamba na haijaenda popote. Basi nitatapika. Majini hakuna sakafu ya kudekiwa.

Dereva wa barafu nimemwuliza. Kacheka, anasema alikubali ili usije ukampa mtu mwingine. Alikuwa anakutunzia.

Lori litapita huko tarehe 8. Kiti cha mbele nimekitandikia mto. Ukikosa kupanda, nitakuja mwenyewe na futi yangu nikupime mbele ya mume wa dada yako.

Mkeo, na sasa hivi kapteni pia, mpaka mwenyewe arudi


Chumba cha nyuma
3 Mei

Mke wangu,

Barua niliisomea chooni ili dada asinione nikilia. Ananijua, alikuwa amesimama mlangoni na taulo.

Niliogopa. Hilo ndilo jambo lote. Niliogopa utanitazama jinsi mkaguzi alivyoutazama ule ubao.

Nakuja tarehe 8.

Hizo mbavu mbili za benchi umezifunga kwa bolti au misumari? Kama ni misumari usimwonyeshe mtu yeyote mpaka nifike. Na hilo bomba la maji, hakikisha limebanwa, lisije likabaki mkononi mwangu huku mashine ikienda zake.

Kapteni


Nyumbani
21 Mei

Dada yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mezani pa cherehani, na mwenye meza ananiambia nisimwagie wino kitambaa cha watu.

Jana ndiyo ilikuwa siku. Mkaguzi alikuja na kile kinyundo chake. Akagonga kona ya kulia, ngo. Katikati, ngo. Kushoto, mahali palipokuwa mkate, ngo. Akarudia yote. Kisha akainama, akapitisha ukucha kwenye pembe za faiba akitafuta mkunjo, akatafuta na kutafuta. Akasimama, akavua miwani.

"Fundi ni nani hapa?" akauliza.

Nikamwambia, "Ni mtu mtulivu, hanywi, na analala karibu na kazi."

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, dada, akanifinya mgongoni mpaka nikaruka kwa mguu mmoja. Watu wote ufukweni wakacheka, dereva wa barafu akawa wa kwanza. Mkaguzi akafungua daftari, akauliza jina la chombo. Nikageuka kumtazama mke wangu, nikakuta ameshaliandika ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: MKE MWENZA. Mkaguzi alilinakili polepole, mabega yakimtikisika.

Baada ya hapo tukaisukuma majini. Mke wangu alitapika mara moja kabla hatujafungua kamba, akajifuta mdomo, akavuta, mashine ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Nami nikakaa kwenye kile kiti, nikanyoosha mguu. Miezi mitatu nilikuwa najiona kama kitu kilichowekwa mahali kwa muda. Jana nilikaa, dada. Nilikaa kabisa.

Halafu nikatazama chini. Kati ya kisigino changu na benchi kulikuwa na nafasi ya vidole vitatu hivi. Unajua mimi siwezi kunyamaza nikiona kosa. Nikamwambia mke wangu kwa furaha, "Haya, leo nimekupata! Nilikuandikia arobaini na moja. Hapa pana arobaini na tatu."

Alikuwa ameinama ukingoni, uso wa kijani. Hakuinua hata kichwa.

"Nafasi ya mshono," akasema.

Nikakumbuka ile barua yake ya Machi, kuhusu nguo unayotaka mtu akae nayo miaka. Ikabidi nigeuke nijifanye natazama mashine.

Mwambie shemeji ahsante sana, ila atafute mtu mwingine wa kukaa mlangoni pa ghala. Mimi nina kiti.

Kaka yako,
Kapteni